Pesa ni chache, je uchukue bastola ya 1911 au ya Browning Hi-Power?

Juzi Hajji mmoja wa huku Masaka, mtu wa kahawa, alinipigia saa mbili usiku, hata salamu hatujamaliza vizuri keshauliza: "Afande, kibali kimetoka. Sasa nichukue ile ya Wamarekani ama ile ya Wabelgiji? Na pesa yenyewe usinicheke." Sikumcheka. Mimi nimekaa ghala la silaha jeshini miaka mingi nikifungua na kufunga bastola za wakubwa, sasa nimestaafu, nafuga kuku, lakini swali kama hili naulizwa kila baada ya miezi miwili mitatu kwa hiyo nimeona niliandike mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii.

Kabla hatujaenda mbali, kibali kwanza chuma baadaye. Hapa Uganda ni Sheria ya Silaha ya 1970, mwenye kutoa leseni ni IGP, mkuu wa polisi wa nchi, na safari yenyewe inaanzia kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, inapita polisi wa wilaya, inapanda hadi Kampala, wanakuuliza maswali mpaka ya shemeji yako. Inachosha, najua. Lakini mtu akikwambia "chukua mzigo mzee, karatasi zitafuata" basi huyo anakuuzia jela, na tena jela yenyewe unailipia wewe.

Haya. Hizi bastola mbili watu wanazigombania kama timu za mpira za Villa na KCCA, kumbe ni ndugu wa baba mmoja. Baba ni John Moses Browning, Mmarekani wa Utah. Ile 1911 aliitengeneza ikapita majaribio ya jeshi la Marekani Machi 1911, ikapigwa risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja, tarehe 29 mwezi huo huo ikapokelewa na ikakaa kiunoni mwa askari wao mpaka 1985 walipochukua bastola ya Beretta. Hi-Power aliianza uzeeni, lakini haki za 1911 alikuwa ameshawauzia kampuni ya Colt, ikabidi azunguke asiibe kazi yake mwenyewe, hebu fikiria. Akafa 1926 pale Liège Ubelgiji kabla haijaisha, Mbelgiji mmoja anaitwa Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN akaimalizia, na haki za Colt zilipokwisha muda wake akachukua yale mazuri ya 1911 akayaingiza humo. Ikatoka 1935, ndiyo maana wengine wanaiita P35. Waingereza wameitumia mpaka 2013.

Sasa tuje kwenye pesa maana ndiyo iliyotuleta.

Kosa la watu wengi ni kuangalia bei ya bastola tu. Bastola unanunua mara moja. Risasi unanunua maisha yako yote, na usiponunua basi hiyo siyo silaha, ni jiwe la bei mbaya linalokaa kabatini. Mimi ukiniletea pesa yako nitaigawa mara mbili, nusu ya kwanza ndiyo inatafuta bastola, nusu ya pili ni risasi za mazoezi, magazini (visanduku vya risasi) mbili za akiba, holsta inayofunika triga, sefu ya kufungia nyumbani, na siku kadhaa za mwalimu kwenye uwanja wa shabaha. Ukiona nusu ya kwanza haitoshi bastola unayoitaka, teremka bastola, usile nusu ya pili.

Ndiyo maana nasema chagua risasi kwanza, bastola itafuata yenyewe. 1911 ya asili inakula risasi ya .45 ACP, lile dude nene, kichwa chake karibu gramu 15, kinakwenda polepole kama mita 250 kwa sekunde. Hi-Power inakula 9x19, ile ile ya milimita 9 ambayo polisi na majeshi karibu dunia nzima wanatumia, kichwa gramu 7 au 8 lakini kinakimbia. Watu wa .45 watakuhubiria kwamba risasi yao inaangusha ng'ombe, sawa, lakini wewe nenda kwa muuzaji mwenye leseni Kampala uulize hizo mbili. Ya 9 atakutolea hujamaliza kuuliza, ya .45 ataanza "ngoja tuagize". Na bei ya .45 iko juu, siyo hapa tu, hata huko Marekani kwenyewe iko juu. Ukipiga hesabu ya mazoezi ya mwaka mmoja utaona tofauti ile ingekulipia magazini, sefu na chai.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, 1911 siku hizi inatengenezwa pia ya kula 9. Kwa hiyo kama moyo umeshikwa na 1911 kweli kweli, si lazima ubebe na gharama za .45, chukua ya 9. Inaingia risasi 9 au 10 badala ya zile 7 za .45, na mteke wake ni mpole mpaka unashangaa. Hi-Power yenyewe ilizaliwa na 13, na wakati ule hiyo ilikuwa habari kubwa maana Saive alizipanga risasi safu mbili zinazopishana ndani ya magazini na bado mpini haukunenepa.

Mkono sasa. Hapa sina sheria, ushike mwenyewe. 1911 ni nyembamba na nzito, kilo moja na ushee bila risasi, na triga yake inakwenda moja kwa moja nyuma kama droo ya meza, inaachia safi kabisa, hakuna triga ya kizamani inayoifikia, hilo nalisema ingawa ushauri wangu unaelekea kwingine. Hi-Power ni nyepesi kidogo, inakaa kiganjani kama imefinyangwa kwa udongo wa mkono wako, lakini triga yake ina uzito wa kukwaruza kwa sababu ya kile kidude kinachozuia isifyatuke magazini ikiwa nje. Na nyundo yake, zile za zamani, inauma. Namaanisha inauma kweli, ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada inabanwa slaidi, lile pande la juu la bastola, likirudi nyuma, nina kovu dogo mpaka leo. 1911 za mwanzo nazo zinauma ila za 1911A1, za kuanzia miaka ya 1920, walirefusha mkia wa nyuma ukakinga.

Kwenye kufungua kusafisha, Hi-Power inashinda bila mjadala. Magazini nje, hakikisha chemba, chumba cha risasi, ni tupu, vuta slaidi nyuma uifunge na sefti (kile kizuizi cha usalama) kwenye ule mkato wa pili, sukuma pini ya slaidi itoke, slaidi inateleza mbele, umemaliza. 1911 ina bushingi, pete ya chuma, mbele ya mtutu, ina kizibo cha springi chini yake, na ile springi imebanwa humo ndani na hasira zake zote. Nilikuwa na koplo mmoja, kijana mzuri tu, nikamwambia weka kidole gumba juu ya kizibo unapozungusha bushingi, akasema ndiyo afande, kidole akaweka pembeni. Tulisikia tu paa! kwenye bati. Kizibo tulikitafuta mpaka jioni, kilikuwa kimetumbukia kwenye buti la mtu aliyekuwa amelala. Kingempata jicho leo ningekuwa nasimulia kwa sauti nyingine.

Halafu neno ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Zote mbili hizi ni za kukoki kwanza, yaani kurudisha nyundo nyuma, triga haiinui nyundo, inaiangusha tu. Maana yake ukitaka ipige haraka lazima utembee imekokiwa na sefti juu, au utembee chemba tupu uvute slaidi shida ikija. Njia ya tatu, ile ya kuwa na risasi ndani halafu kuishusha nyundo taratibu kwa kidole gumba, nimeiona ikitoboa sakafu ya ofisi na sitaki kuiona tena. Kama huna muda wa mazoezi, niambie ukweli, mimi nitakwambia zote mbili achana nazo, tafuta muundo wa kisasa usio na mambo ya nyundo. Hajji nilipomuuliza hilo alinyamaza kidogo, akasema, "Afande, nitafanya mazoezi." Nikamwambia nakuja kukuona na saa mkononi.

Mpya au iliyotumika? Mpya ya FN ya asili usiisumbukie, walifunga kazi ya ile ya zamani mwaka 2017 hivi, na ile mpya waliyoitoa 2022 jina ni lile lile High Power lakini ni kitu kingine, magazini na vipuri vya zamani haviingii, watu wananunua magazini za babu halafu wanabaki wanazitazama. Kwa mfuko wetu angalia Waturuki. Girsan wanatengeneza MC P35 ambayo ni Hi-Power ile ile na inapokea magazini za aina ya zamani, na Tisaş wanatengeneza 1911 nzuri kuliko bei yake. Wafilipino nao, Armscor, 1911 zao zinaitwa Rock Island, siyo za kuvalia harusi lakini zinapiga. Huko Marekani hizi za kawaida zinakwenda chini ya dola 600, ukija huku weka usafiri, ushuru, na faida ya mwenye duka, usikasirike, ndiyo nchi.

Ukichukua iliyotumika basi usiione haya. Mwambie muuzaji aweke chini, wewe mwenyewe toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba na uingize kidole kidogo, macho yanadanganya. Sasa mulika tochi ya simu uangalie mtutu ndani, mistari iwe mikali, kutu kidogo inasafishika lakini mashimo hayasafishiki. Slaidi kucheza cheza siyo dhambi, 1911 za vita zililia kama kopo la njugu na zilipiga. Kinachonitisha mimi ni mtutu kucheza slaidi ikiwa imefunga, bonyeza juu yake kwa kidole pale kwenye dirisha la slaidi maganda yanaporukia, ukizama chini acha. Koki, weka sefti, vuta triga, achia, kisha toa sefti: nyundo ikianguka hapo rudisha mezani uage. Kwenye 1911 jaribu pia kuvuta triga bila kuubana ule mkia wa nyuma ya mpini, isikubali. Kwenye Hi-Power vuta triga magazini ikiwa nje, ikikubali huenda kuna fundi alishaingia humo akang'oa kile kidude, siyo lazima ukatae ila uliza na kingine alichong'oa. Angalia midomo ya magazini kama ina ufa maana bastola nyingi zinazolaumiwa kukwama, mkosaji ni magazini. Springi usiogope, ni kitu rahisi kubadilisha.

Namba ya bastola je? Isome kwenye chuma, uisome kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Mimi niliwahi kuletewa moja Kampala, duka silitaji, inang'aa kama sufuria ya harusi, bei tamu, nikapitisha ukucha juu ya namba nikasikia pamekwaruzwa kwa tupa halafu pakapakwa rangi. Nikaiweka chini polepole, nikakumbuka ghafla kwamba nimeacha kuku nje. Ujue tangu 2018 serikali iliagiza kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake kama za vidole vya mtu, sasa ya namba iliyochezewa utaipeleka wapi?

Ukishanunua, adui wako wa kwanza huku kwetu ni jasho na hewa ya ziwa. Watu wa Entebbe na huku Masaka, chuma cha rangi ya bluu ya zamani kinashika kutu wiki moja tu ukikitelekeza. Usiihifadhi ndani ya holsta ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na inautunza, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ukirudi nyumbani. Na mafuta kidogo ni kidogo, siyo kuikaanga, vumbi la murram likikutana na mafuta mengi unapata uji.

Hajji mwisho wa yote alichukua ile ya Kituruki, Hi-Power, ya 9. Mimi mwenyewe moyo wangu uko kwa 1911 mpaka kesho, ila mfuko ulikuwa wake siyo wangu. Jumamosi ya kwanza uwanjani alipiga risasi 50, karatasi ilikuwa na mashimo 31, nyingine sijui zilikwenda kwa nani. Tukaokota maganda, akauliza lini tunarudi.