SOMO: Kuchagua mashine ya kahawa ya matone inayojiwasha yenyewe, kwa umeme na maji ya Moshi na Arusha

Wakuu, habari za leo. Swali la "ninunue mashine gani ya kahawa ya nyumbani" linakuja kila wiki, na kila wiki najibu yale yale. Leo naandika yote sehemu moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nazungumzia mashine ya matone tu: usiku unaweka maji kwenye tangi na kahawa ya kusaga kwenye kichujio, unategesha saa, asubuhi unaamka jagi limejaa. Espresso ni mada nyingine.

Na niseme jambo moja lililoko moyoni. Tunaishi chini ya mlima uliooteshwa kahawa ya arabika na wamisionari huko Kilema tangu mwishoni mwa karne ya 19, mlima ambao wakulima wake walianzisha KNCU, chama chao cha ushirika wa kahawa, mwaka 1933, lakini majumbani wengi tunakoroga kahawa ya kopo. Natamani kila nyumba yenye uwezo inywe kahawa yetu ikiwa imepikwa vizuri. Ndiyo maana inaniuma mtu akitoa hela yake kwa mashine isiyofaa, kisha akasema kahawa ya kupika ni usumbufu.

Hatua ya 1: Jua mnakunywa kiasi gani.
"Vikombe 10" vya kwenye boksi si vikombe vyako. Mashine za Ulaya huhesabu kikombe kama mililita 125, za Marekani karibu 150. Kwa hiyo vikombe 10 vya Ulaya ni lita moja na robo, yaani vikombe vikubwa vitano hivi vya nyumbani.

Hatua ya 2: Geuza mashine, soma kibandiko cha chini.
Hapa someni taratibu, maana hatua hii ilishatuchomea mashine nyumbani. Ndugu anarudi kutoka Marekani na mashine inayometameta, vitufe vya kila aina, na kibandiko kinasema 120V 60Hz. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50 (Hz ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Koili ya kupasha maji iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiichomeka hapa inavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyokusudiwa. Mashine ya wati 900 inataka kuvuta zaidi ya wati 3,000, na inaungua kabla jagi halijapata hata kikombe kimoja. Adapta ya plagi haisaidii kitu. Inabadilisha umbo la pini, volti zinabaki zile zile.

Atatokea wa kusema, "nitanunua transfoma." Sawa, itashusha volti, lakini kwa mashine ya wati 900 utafute ya wati 1,500 hivi ili isichemke, na hilo ni dude zito la kuweka jikoni. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: transfoma haibadilishi Hz. Baadhi ya mashine hizi saa zake huhesabu muda kwa kufuata mapigo ya umeme wenyewe. Ya Marekani inasubiri mapigo 60 ndipo iongeze sekunde moja, na hapa inapata 50 tu kwa sekunde. Matokeo yake kila saa inayopita inachelewa dakika 10. Ukiirekebisha saa 3 usiku na kuitegesha iwake saa 12 asubuhi, itawaka saa 2 kasoro dakika 12, watoto wameshaenda shule. Utampelekea fundi mashine nzima isiyo na ubovu wowote, na hela atachukua.

ONYO: Tafuta kibandiko chenye 220-240V, na 50Hz au 50/60Hz. Za Uingereza, Ulaya na Dubai zinakubali umeme wetu. Za Japani ni volti 100, ziache. Kwenye mitumba, kibandiko kikiwa kimebanduliwa au kimefutika, rudisha mezani uondoke. "Itafanya kazi tu, boss" haikulindi umeme ukiingia.

Hatua ya 3: Wati.
Kupasha lita moja na robo ya maji ya bomba hadi joto la kupikia kahawa, mashine ya wati 1,000 inachukua kama dakika sita na nusu. Ya wati 600 inapita dakika 10, na maji yakikaa mno kwenye kahawa yanatoa uchungu mkavu unaobaki kooni. Kwa jagi kubwa chukua wati 900 kwenda juu. LUKU isikutishe: kupika jagi zima hakufiki robo ya uniti.

Hatua ya 4: Kukatika kwa umeme.
Hapa ndipo mashine nyingi za kutegesha zinaposhindwa. Umeme ukikatika usiku hata sekunde chache, saa inarudi 12:00 inawaka na kuzima, na ulichotegesha kimefutika. Unaamka unakuta maji ya baridi. Zipo zenye betri ndogo au kumbukumbu inayoshikilia saa kwa dakika kadhaa. Usikubali maneno ya muuzaji, jaribu palepale dukani: weka saa, tegesha, chomoa plagi, subiri dakika tano, chomeka tena. Ikikumbuka, lipa. Isipokumbuka, unalipia kitufe ambacho kwa umeme wetu utaacha kukitumia mapema sana. Mwenye duka akikataa kuijaribu, nenda duka jingine.

Hatua ya 5: Jagi la kioo au la chupa ya chai.
La kioo hukaa juu ya sahani ya moto, na kahawa ikikaa pale muda mrefu inaungua na kuwa chungu. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya tangu 2015 lazima zizime sahani hiyo ndani ya dakika 40 baada ya kupika. Za kwingine nyingi huiacha ikiwaka kwa muda wa hata saa mbili. Kama watu wa nyumbani mnaamka kwa zamu, chukua lenye ukuta mara mbili kama chupa ya chai, halihitaji sahani ya moto. La kioo uliza kwanza kama jagi la akiba linapatikana, maana litavunjika.

Hatua ya 6: Kichujio.
Cha wavu unaosha na kurudia. Karatasi inatoa kahawa safi zaidi na inashika mafuta yanayopandisha kolesteroli. Hakikisha karatasi za umbo na namba yake zinauzwa mjini kabla hujanunua mashine.

Hatua ya 7: Tangi liwe na mdomo mpana wa kuingiza mkono.

Kupika: gramu 55 hadi 60 kwa lita, yaani kama vijiko 10 vya chakula vya kusawazisha. Saga iwe kama mchanga wa kati. Kabla ya kulala, hakikisha jagi limeingia hadi mwisho. Lisipokandamiza kile kizuizi cha matone kilicho chini ya kichujio, kichujio kinafurika na wewe umelala.

Karibuni maswali.

Mdau wa Njiro: Mkuu ndefu sana hii, nitajie tu jina la mashine nikanunue.

Jibu: Soma hatua ya 2 na ya 4. Jina lile lile linauzwa la volti 120 na la volti 230, kwa hiyo jina pekee halikusaidii.

Mdau wa Pasua: Africafe naweka vijiko vingapi kwenye kichujio?

Jibu: Usiweke. Ile ni ya kuyeyuka. Wewe unahitaji birika tu.

Mdau wa Sakina: Yangu nimetegesha 12:00 iwake asubuhi, inawaka usiku wa manane inaamsha watoto. Nimpelekee fundi?

Jibu: Hapana. Saa 12 yetu ya asubuhi kwenye mashine ni 6:00 AM. Wewe umeweka 12:00 AM, ambayo ni saa 6 usiku.

Mdau wa Kijenge: Unawatisha watu bure. Yangu nimeletewa na shemeji kutoka Marekani, mwaka wa pili huu, naichomeka ukutani na haina shida.

Jibu: Sijatisha mtu. Nimesema someni kibandiko. Piga picha cha kwako ukiweke hapa.

Mdau wa Kijenge: Nimeangalia. Kimeandikwa 220-240V 50/60Hz.

Jibu: Basi shemeji yako alisoma kibandiko kabla ya kununua. Mpe salamu.

Mdau wa Ngaramtoni: Shikamoo mkuu. Nina kipimajoto cha jikoni. Maji yakichemka kwa nguvu kabisa hapa kwangu kinasoma 95, hakifiki 100. Kimeharibika? Na kahawa si itapikwa na maji mapoa?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kupima. Kipimajoto chako ni kizima. Kadiri unavyopanda juu hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Arusha mjini ni kama mita 1,400, kwa hiyo 95 ndiyo yenyewe. Moshi mjini tuko chini zaidi, tunapata karibu 97. Kwa kahawa hujapoteza kitu, kwa sababu kiwango cha Specialty Coffee Association, chama cha kimataifa cha kahawa bora, ni nyuzi 90 hadi 96. Shida iko kwa mashine dhaifu inayoshusha maji ya 85: kahawa inatoka na ukali wa ndimu, haina utamu. Kwa kuwa unacho kipimajoto, pika maji matupu bila kahawa, pima yanapodondokea kwenye kichujio katikati ya mzunguko, utuletee majibu.

Mdau wa Marangu: Bibi yetu ana kahawa ya shambani, anakaanga kwa sufuria na kutwanga kwenye kinu. Nikiweka kwenye mashine inafurika kila mara. Ni mashine au ni kahawa? Ningependa bibi anywe kahawa yake kutoka kwenye hii mashine.

Jibu: Ni unga. Kinu kinatoa vumbi na mapande kwa pamoja, na vumbi ndilo linaloziba kichujio. Kwa kahawa ya kuchemsha ya bibi halina tatizo, linatuama chini. Kwa mashine fanya hivi: twanga kidogo kidogo, kila baada ya mapigo machache pitisha kwenye chekeche la unga. Vumbi linalopita mwachie bibi kwa kahawa yake ya sufuria. Yanayobaki juu rudisha kinuni hadi yafanane na mchanga. Na akikaanga, msifunge kwenye chupa siku hiyo hiyo. Kahawa iliyotoka motoni inatoa gesi, ikiwekwa kabla gesi haijapungua inaumuka kwenye kichujio na kufurika pia. Ipe siku mbili tatu. Mwambie pia asiifikishe kwenye weusi wa mkaa. Arabika ya Marangu iliyoishia kwenye kahawia iliyokolea ina harufu ambayo watu wa mbali wanalipa hela nyingi kuipata. Mpe bibi shikamoo yangu.

Mdau wa Kiboriloni: Nyongeza. Mimi nina mashine ya kawaida ya swichi ya kubonyeza, nimeichomeka kwenye saa ya soketi, ile ya kuzungusha yenye meno. Asubuhi inajiwasha vizuri tu.

Jibu: Wazo zuri kwa mwenye hela ndogo. Masharti matatu. Swichi iwe ile inayobaki imebonyezwa, kwa sababu za kugusa hazitawaka umeme ukirudi. Saa ya soketi iwe na uwezo wa ampea za kutosha: mashine ya wati 1,000 inavuta zaidi ya 4, hivyo ya 13 iko salama. Na umeme ukikatika nusu saa, ile saa inasimama, kahawa itachelewa nusu saa. Lakini haijifuti, na kwa umeme wetu hilo ni jambo kubwa.

Mdau wa Majengo: Naweza kuweka maziwa kwenye tangi nipate chai ya maziwa moja kwa moja?

Jibu: Hapana. Maziwa yataungua ndani ya bomba na harufu haitoki tena. Kwenye tangi ni maji tu, milele.

Mdau wa Majengo: Na majani ya chai kwenye kichujio?

Jibu: Hayo yanakubali. Itatoka nyepesi kwa sababu maji yanapita haraka. Tangawizi iliyopondwa pia inakubali.

Mdau wa Usa River: Ndani ya tangi pana ukoko mweupe, na siku hizi inapika kwa mlio mkubwa. Ni ile floridi ya maji yetu?

Jibu: Ukoko ni chokaa ya maji. Inaziba njia, ndiyo maana inahangaika kusukuma. Changanya siki nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo viwili, washa, ikifika nusu zima, acha nusu saa, malizia. Kisha pitisha maji safi mara mbili.

Floridi ni jambo jingine, na umefanya vyema kuitaja. Haionekani na haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya upande wa Meru vinapita hapo, ndiyo hayo meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo jirani yako, kimefanya kazi ya kuipunguza kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kama maji ya kunywa nyumbani unayachuja kwa njia hiyo, weka hayo hayo kwenye mashine. Kichujio cha kahawa hakikukingi.

Mdau wa Himo: Mimi tatizo langu mende. Wamehamia ndani ya mashine, wameingia hadi kwenye kioo cha saa.

Jibu: Wanafuata joto na unyevu. Ukimaliza kupika mwaga masimbi mara moja, acha mfuniko wa tangi wazi likauke, chomoa plagi mashine ipoe kabisa. Dawa ya kupuliza usiitumie karibu na tangi, tumia ya chambo, uiweke nyuma ya kabati.

Mdau wa Himo: Nikichomoa si saa inajifuta?

Jibu: Kama haina betri, ndiyo, utaiweka upya kila usiku. Yenye betri usiwe na wasiwasi, ila uangalie kama betri yake ni ile bapa ya kubadilisha, ununue moja ya akiba.