Unataka kurudia gemu ya zamani? Anza na TV kwanza

Watu wengi wanarudia gemu waliyoipenda utotoni, dakika kumi tu wanazima, wanasema kumbe ilikuwa mbovu vile. Mara nyingi gemu haina kosa, imefungwa vibaya tu.

PS2, yaani PlayStation 2, ni ya enzi za TV za chogo. Zile waya tatu, njano nyekundu na nyeupe, zinatoa picha ya mistari 480 au 576 tu, na chogo ilikuwa inailainisha, sasa ukiichomeka kwenye flati ya inchi 55 uso wa CJ, yule jamaa wa GTA San Andreas, unakuwa kama umechongwa kwa panga, halafu flati nyingi zinachelewesha picha kidogo, unabonyeza pasi inatoka wakati beki keshafika. Kama kuna chogo imelala stoo kwa bibi, kaiombe. Kama hakuna, ingia setingi za TV, washa gemu modi, picha iweke 4:3 isivutike.

Ukitumia emuleta, ile programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye simu au kompyuta, tafuta pedi ya kweli, kucheza kwa vitufe vya kwenye kioo cha simu si kipimo. Na kwa PS1 chukua toleo la NTSC (la Marekani au Japani) kama lipo, maana gemu nyingi za PAL (za Ulaya) zilienda kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, yaani karibu moja ya sita polepole zaidi, kwenye gemu ya kupigana mkono unaisikia kabisa hiyo.

Halafu jipe siku tatu, nusu saa kila siku, na siku ya kwanza usiseme chochote. Resident Evil ya 1996 ukibonyeza juu jamaa anaenda anakotazama yeye, sio unakotazama wewe. Inaudhi sana mwanzoni ila kamera ya pale inarukaruka kila chumba, ingekuwa vinginevyo ungegeuka bila kutaka. Siku ya tatu vidole vinakuwa vimeelewa.

Sasa San Andreas ya 2004, hii nataka uicheze kwa makini kweli. Anza na ya zamani, sio ile iliyotolewa upya 2021. PS2 ilikuwa na memori ya MB 32 tu, kwa hiyo mbali kuliwekwa ukungu, na ule ukungu ndio uliofanya uamini Los Santos na San Fierro ni miji miwili ya mbali. Ile ya 2021 ilikuja bila ukungu, ukisimama juu ya Mount Chiliad, mlima wa mle ndani, unaona kila kitu kimebanana pale chini, na mwaka 2024 ndipo ikaletwa apdeti ya kurudisha mwanga wa zamani. Kwa hiyo usikimbilie picha kali ukadhani ndiyo gemu bora.

Iliyozeeka pale ni misheni. Hakuna cheki pointi katikati, ile ya kufukuza treni na mshikaji wa CJ, Big Smoke, ukifeli mwishoni unaanza upya yote. Tulipokuwa wadogo tulikuwa na mchana mzima, sasa hivi una saa moja baada ya kazi, na hilo ni udhaifu wa gemu, lihesabu. Kwenye emuleta sevu mwanzo wa misheni basi, ukisevu kila kona utakuwa unahukumu gemu nyingine.

PES 6, gemu ya mpira, ndiyo ninayoitetea popote. Ni ya 2006, nyuso zimekufa, vikosi vya zamani, lakini Adriano wa Inter na ule mguu wa kushoto wenye nguvu ya shuti 99 bado akipata nafasi nje ya boksi kipa anaomba dua. Ila usiipime kwa kucheza na kompyuta, utachoka mechi ya pili. Tafuta mtu mliyecheza naye zamani, wekeni sheria za kibandani, anayefungwa anaachia pedi, mpige mechi kumi. Mimi nilicheza na mdogo wangu Desemba, alikuwa hajashika pedi miaka mingi, mechi tatu za kwanza alikuwa anapiga nje tu, ya nne akanifunga mbili na tukaanza kugombania Inter palepale.

Pedi ziwe mbili, za waya.