Kumpashia joto kobe wa majini bila kuunguza nyumba

Kobe wangu nilirithi kwa jirani aliyehama, hapa Minneapolis, wale wenye alama nyekundu pembeni ya kichwa, na alikuja na taa yake ya kubana na klipu. Januari moja natoka kazini, nafungua mlango nakutana na harufu ya plastiki, kwenda kucheki taa imeteleza imelalia mfuniko wa akwariamu na ule mfuniko umeshalegea kama pipi juani. Klipu ilikuwa imechoka tu basi, hakuna kingine, na kobe mwenyewe yuko majini ananitazama kama vile hayamhusu.

So tuanze na taa. Klipu usiiamini hata iwe mpya. Mimi nimefunga ndoano ya chuma darini nikashusha mnyororo mwembamba, taa inaning'inia hapo, klipu nimeiacha lakini kazi yake sasa ni kuzuia taa isizunguke, yaani hata ikiachia taa inabaki hewani. Ukimaliza ivute kwa nguvu kama paka kairukia, ikisogea kuelekea maji au mfuniko bado hujafunga. Holda iwe ya kauri, ya plastiki achana nayo, na soma wati zilizoandikwa pale usizizidishe. Balbu sio lazima zile za bei mbaya zenye picha ya mjusi kwenye boksi, halojeni ya kawaida ya kumulika sehemu moja, wati 50 au 75, kwa wengi inatosha. LED hapana, inawaka vizuri ila joto hamna.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea. Wanapima joto la jukwaa, pale pakavu anapopanda kuota joto, wanaona 33 wanafurahi, wakati kobe mkubwa akipanda pale mgongo wake uko juu sentimita nane au kumi, karibu zaidi na balbu, na ndo unaoungua. Weka jiwe lenye kimo chake pale anapoota, washa taa lisaa lizima, alafu pima juu ya jiwe na themomita ile ya bunduki, unayoilenga tu inasoma bila kugusa. Unataka 32 mpaka 35 za Selsiasi. Anza taa ikiwa sentimita 30 juu, ushushe kidogo kidogo, ni rahisi kushusha kuliko kutibu gamba lililoungua. Na jukwaa liwe kavu kabisa, anatakiwa akauke gamba lote mpaka tumboni, akikaa nusu majini ndo mambo ya fangasi yanaanza.

Taa ya UVB, ile ya mionzi kama ya jua, ni kitu kingine, ile sio ya joto, ila anaihitaji kwa ajili ya mifupa na gamba, usiweke kioo katikati maana kioo kinaizuia, na baada ya kama mwaka badilisha hata kama bado inawaka.

Maji: mkubwa 24 hadi 26, mdogo mpe 27 hivi. Hita piga hesabu ya wati 1 kwa lita 1, tanki langu lina kama lita 280 nimeweka ya wati 300. (Uko Dar au Mombasa hita inaweza isikuhusu kabisa, huko shida ni tanki kukaa kwenye jua la dirishani mpaka maji yawe supu.) Hita iwe na kikapu chake cha kuikinga, kobe sio samaki, anasukuma, anagonga, anang'ata, kioo cha hita kwake ni kitu cha kuchezea. Ilaze chini kabisa, maji yakipungua isitokeze nje, na iwe karibu na filta inapotema maji ili joto lisambae. Siku ya kubadilisha maji chomoa hita KWANZA, subiri dakika 20, ndo utoe maji. Mimi siku moja nilisahau, nikamwaga maji ya baridi juu yake, pa! Na ukiona imepasuka usiingize mkono, chomoa kwenye ukuta kwanza.

Hita nyingine zinakwama kwenye kuwaka na hazizimi, kwa hiyo weka themomita ya peke yake upande wa mbali, ukiwa na hela ongeza themostati ya nje, yaani kifaa cha pembeni kinachoizima hita maji yakifika joto ulilopanga.

Waya zote zishuke chini ya soketi kwanza ndo zipande kuingia, tone la maji likifuata waya linadondokea pale chini badala ya kuingia kwenye umeme. Tumia soketi ile yenye vitufe viwili katikati inayojikata umeme ukivuja, ekstensheni isilale sakafuni. Taa iwe na taima, masaa 12 kisha giza, usiku hahitaji kuota joto.

Baada ya hapo msome kobe mwenyewe. Anashinda juu kutwa nzima, cheki maji, huenda ni ya baridi. Hapandi kabisa, basi juu ni moto sana au kuna kinachomtisha. Akiogelea amelala upande, au anatoa mapovu puani, hapo usihangaike kuongeza hita, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, inaweza kuwa mapafu.

Umeme ukikatika winta usimwage maji ya moto mle ndani, zungushia akwariamu blanketi, maji mengi hayapoi haraka. Ila kabla hujafunika chomoa ile taa, maana umeme utarudi saa nane usiku umelala na blanketi liko chini ya balbu.