SOMO: Doti moja ya khanga, magauni mawili ya mabinti, na jina libaki zima

Kila Ramadhani ikifika kumi la mwisho, simu yangu haitulii. "Shoga, lile gauni la mwanao ulilikataje mpaka jina la khanga likakaa mbele katikati?" Mwaka jana nilimwandikia jibu hilo hilo jirani, wifi, mwalimu wa madrasa na mtu niliyekutana naye kwenye daladala. Mwaka huu nimechoka, ndiyo maana nimeanzisha uzi. Atakayeniuliza tena nitamtupia huu.

Mimi si fundi wa kusomea. Nina cherehani ya miguu ya marehemu bibi, ninashonea sebuleni hapa Tanga, na wateja wangu ni watoto wangu. Kama unatafuta gauni la harusi, pita.

Unahitaji doti moja ya khanga ya pamba, uzi, sindano namba 14, futi kamba, chaki (kipande cha sabuni kavu pia kinachora vizuri), mkasi wa nguo tu, usiokata karatasi wala bamia, na pini moja kubwa. Ovaloki haihitajiki. Vipimo vyangu ni vya mtoto wa miaka mitano hadi saba.

1. Fua doti, anika, piga pasi. Khanga mpya ina stachi, na ikifuliwa mara ya kwanza inarudi. Usiruke.

2. Tenganisha khanga mbili kwa kukata katikati ya nafasi iliyo kati yao.

3. Pima mtoto vipimo viwili tu: mzunguko wa kifua, na urefu kutoka begani hadi unapotaka gauni liishie. Kwenye urefu ongeza sm 5 za njia ya kamba. Kifua gawa kwa mbili, halafu ongeza sm 25 ili gauni liwe na mwago. Wangu ana kifua cha sm 60, kwa hiyo kipande cha mbele ni upana wa sm 55.

4. Kata mbele. Tandika khanga sakafuni, jina likusomeke. Tafuta katikati ya jina, siyo katikati ya khanga, maana uchapaji mwingine umekaa kombo. Weka alama, hesabu sm 27 na nusu kila upande, kata kutoka juu hadi chini. Khanga ina upana wa kama sm 150 na kimo cha kama sm 110, kwa hiyo utabakiwa na vipande viwili vya pembeni, kila kimoja kama sm 47, na kila kimoja kina pindo upande mmoja.

5. Kata nyuma. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa tukae.

Nyuma ya gauni inatokana na vile vipande viwili vya pembeni, vikiunganishwa katikati ya mgongo. Uzuri wake ni kwamba mapindo mawili yakikutana, mtoto anapata mstari mpana unaoshuka mgongoni, kama umeutafutia taraza dukani. Ila kwenye khanga, pindo la kushoto liko kushoto kabisa na la kulia liko kulia kabisa. Ili yakutane katikati lazima vipande vibadilishane nafasi: cha kushoto kiende kulia, cha kulia kije kushoto. Vinahama tu. Hakuna kinachozungushwa.

Mimi nilizungusha. Ilikuwa usiku wa kuamkia Idi, umeme umekatika, nashona kwa tochi ya simu aliyoshika mwanangu wa kiume huku anasinzia. Nikachukua kipande kimoja, nikakipindua juu chini, pindo likaja katikati, nikafurahi. Mapindo ya juu na ya chini ya khanga yanafanana, kwa hiyo hata ukikosea, chini ya gauni unaona pindo kama kawaida, hakuna kinachokushtua. Khanga yenyewe ilikuwa ya majogoo. Asubuhi binti kavaa, kazunguka mbele ya kioo, akaniita: "Mama, mbona jogoo wangu mmoja amekufa?" Nusu ya mgongo majogoo wamesimama, nusu miguu juu. Bibi yake akasema muacheni, huyo kachinjwa kwa sikukuu. Nilifumua kwa wembe na haraka ya Idi, wembe ukaingia kwenye kitambaa, na gauni likaenda kuswali na kiraka.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla mkasi haujagusa kitu, yaani kabla ya hatua ya 4, chora kwa chaki mshale unaoelekea juu kwenye kila kipande, upande wa ndani. Mishale yote ielekee juu unapounganisha. Khanga za maua na korosho ndizo zinadanganya zaidi, kwa sababu ua lililopinduka halikusemeshi kama jogoo. Utaliona kwenye picha, watu wameshaondoka. Na msishone hatua hii usiku.

Ukishapanga, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono kwanza, inua juu ya mwanga, tazama. Ndipo ushone, ukihakikisha ule ukingo mweupe usiochapwa umeingia ndani ya mshono. Kisha punguza upana ulingane na mbele, ukikata pembeni, sawa kila upande. Ukipunguza upande mmoja tu, mstari wa mgongoni utakwenda makwapani.

6. Kata urefu. Pima kutoka chini kwenda juu, ili pindo na jina vibaki. Usitupe kinachokatika juu.

7. Weka mbele na nyuma pamoja, kunja katikati kwa urefu, chora kwapa mfano wa herufi J: kina sm 12, ndani sm 5. Kata zote kwa mpigo.

8. Shona pembeni. Kwa kuwa hatuna ovaloki, shona mara mbili: kwanza ndani kwa ndani, nusu sentimita, punguza nyuzi, geuza, shona tena upande wa pili ili nyuzi zifungiwe humo.

9. Kwapa zizungushie utepe. Ukate mshazari kutoka kwenye mabaki ya juu. Utepe ulionyooka na uzi wa kitambaa hautapinda kwenye J, utafura.

10. Juu kunja sm 5, mbele na nyuma, shona iwe njia ya kamba. Kamba mbili za mabaki, kila moja sm 90. Hapa waite watoto. Wangu wa miaka mitano anafunga pini kwenye ncha ya kamba na kuisukuma hadi itokee upande wa pili, kazi inayomchukua robo saa ya ukimya, na ukimya nyumbani kwangu ni mali. Kamba zinafungwa mabegani.

11. Chini si lazima upinde. Ule ni ukingo wa kiwandani, haufumuki.

Rudia kwa khanga ya pili. Karibuni maswali.

*

MamaPacha: Asante kwa somo dada. Sasa doti moja inatoa magauni mangapi?

Mwandishi: Kichwa cha uzi.

MamaPacha: Jamani, si nimeuliza tu?

Mwandishi: Na mimi nimejibu tu. Mawili, mama. Pacha wako watatoshana.

Mtoto_wa_Moro: Mimi nimeshakata sijafua. Itakuwaje?

Mwandishi: Itarudi. Hatua ya 1 ina sentensi tatu, mbili zinasema hilo.

Mtoto_wa_Moro: Sasa nifanyeje?

Mwandishi: Fua vipande sasa hivi kabla hujashona, kwa mkono, polepole, kingo zitachanika nyuzi kidogo. Kisha pima upya. Kikipungua, mvike mdogo wake.

FundiMstaafu: Kazi nzuri, lakini mshono katikati ya mgongo ni umaskini wa kitambaa. Sisi mafundi nyuma tunakata nzima kutoka khanga ya pili.

Mwandishi: Sawa mzee wangu, na binti wa pili avae nini? Nina wawili, na doti ni moja. Huo mshono ndio uliofanya kila mtu aulize.

FundiMstaafu: Usikasirike mwanangu. Nasema kwa mwenye binti mmoja.

Mwandishi: Kwa mwenye binti mmoja uko sahihi, shikamoo. Na niongeze: kwa binti aliyeanza kukua, miaka kumi na kuendelea, hizi kamba za mabegani hazifai, tafuteni somo la shingo ya kawaida na mikono.

BintiUnguja: Dada, nina maswali mawili. Kwa nini unahangaika hivyo na jina? Mafundi wengi wanakata popote. Pili, nina kisutu, ile khanga ya harusi, nacho nikifanyie hivi hivi?

Mwandishi: Maswali mazuri, mdogo wangu. Jina ndilo lililofanya khanga hiyo inunuliwe na siyo iliyokuwa pembeni yake. Mtu akikupa khanga anakupa na neno. Nimewahi kuona mtoto amevalishwa gauni, mbele limeandikwa NANI KAM, na lile A pamoja na MAMA vimeishia kwenye mkoba wa shangazi yake. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Pia chagua jina la kitoto. Khanga ya mafumbo ya mke mwenza usimvalishe mtoto wa darasa la kwanza, atasomewa njia nzima.

Kisutu kinafaa, ila ule wekundu unatoka. Loweka peke yake kwenye maji baridi, suuza, rudia mpaka maji yawe meupe. Usikichanganye na kanzu ya mtu yeyote unayetaka kuendelea kuishi naye. Na kwa kuwa kisutu ni mapambo yanayojirudia, mishale ya chaki ndiyo muhimu zaidi, kichwa na miguu yake huwezi kuvitofautisha kwa haraka.

KakaChuga: Samahani dada zangu, mimi ni mwanaume, sijui kama naruhusiwa humu. Nina binti wa miaka sita. Mama yangu aliniachia Butterfly yake, nataka kumshonea mjukuu wake kwa cherehani hiyo. Nimejaribu kwenye kitambaa kibovu: inaruka mishono, tatu inashika, nne haishiki. Fundi aliniambia imekufa, ninunue nyingine.

Mwandishi: Karibu sana kaka, na pole kwa mama. Cherehani ya chuma haifi kirahisi hivyo. Anza na sindano. Itoe, iangalie kwenye mwanga: upande mmoja una mfereji mrefu unaoshuka mpaka kwenye tundu. Uzi lazima uingilie tundu kutoka upande wa mfereji huo. Sindano ikivalishwa kinyume, ndiyo hiyo hiyo tatu inashika, nne haishiki. Halafu hakikisha imesukumwa hadi mwisho kabla ya kukaza skrubu. Weka mpya, namba 14, sindano ni bei ya andazi. Kama ile ya zamani imekaa humo tangu enzi za mama, ncha yake imekwisha.

Kisha fungua kibamba chini ya mguu wa cherehani, utakuta zulia la vumbi kati ya meno. Lichokonoe kwa mswaki mkavu. Tia mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu, endesha bila uzi, futa. Usitie mafuta ya kula, yanaganda kama gundi. Rudi uniambie.

KakaChuga: Ubarikiwe. Naenda kufungua.

ShangaziMuscat: Assalaam alaykum. Huku Oman khanga tunapata, muda ndio hatuna. Wanangu wanataka kushika cherehani, yangu ni ya umeme, naogopa vidole.

Mwandishi: Waalaykum salaam shangazi. Waanzishie karatasi. Toa uzi kabisa, chora mistari kwenye ukurasa wa daftari, wafuate kwa sindano tupu. Matundu yanaonyesha wapi wametoka nje. Wangu wa kiume alianza hivyo, mistari iliyonyooka, kisha mawimbi, kisha duara. Baadaye kazi ya Stadi za Kazi shuleni aliona mchezo. Ila ile sindano iliyotumika kwenye karatasi iwekee alama, imepoteza makali, isirudi kwenye khanga.

ShangaziMuscat: Nimeipenda. Na mimi nikupe yangu: chini ya ile pedeli ya umeme, pale inapobonyea, mimi nabana kipande cha sponji. Mtoto akikanyaga kwa nguvu zote, haiendi mbio.

Mwandishi: Hii naichukua. Ya miguu haina shida hiyo, miguu ya mtoto yenyewe ndiyo breki.

MamaPacha: Mabaki ya juu nifanyie nini? (Nimesoma uzi wote, sikukuta.)

Mwandishi: Hapo umeuliza, mama. Ukishatoa utepe na kamba, kinabaki kipande kirefu chenye pindo. Kunja mara mbili, tia kipande cha taulo kuukuu katikati, shona, unapata kishikio cha sufuria. Pacha wanaweza kukishona chote wenyewe.

KakaChuga: Dada! Sindano ilikuwa kinyume! Sasa inashika yote. Ila chini ya kitambaa uzi umejaa mafundo kama kiota. Nimekaza bobini, bado.

Mwandishi: Bobini iache, irudishe ilivyokuwa. Mafundo ya chini mara nyingi yanaletwa na uzi wa juu. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wote wa juu, upitishe upya mguu ukiwa bado juu, uhakikishe umeingia kati ya zile sahani mbili za kukazia. Kisha jaribu kwenye kitambaa kibovu, siyo kwenye khanga ya mtoto. Lakini kaka, hiyo ni saa kumi kasoro. Kula daku kwanza.