Jinsi ya kwenda kuona michoro ya kale ya miambani ya Kolo, Kondoa, ukitokea Dodoma mjini

Kwanza chagua msimu. Huku kwetu mvua ni za mara moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, zikipiga ile mito ya mchanga unayoionaga imekauka inajaa ghafla na njia ya mlimani inakua utelezi mtupu, so nenda Juni mpaka Oktoba, vumbi utakula ila utafika.

Panda basi la Kondoa au Babati alfajiri, lami ipo, mwambie konda akushushe Kolo, ni mbele ya Kondoa mjini. Njiani chungulia dirishani yale makorongo mekundu. Ardhi ya Kondoa ililika mno mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika, ndo maana vichaka vimerudi.

Ukishuka usipande mlima kichwakichwa, anzia ofisi ya michoro pale Kolo ulipie kibali upewe muongozaji. Mungomi wa Kolo, ndo kule kwenye miamba yenye michoro, ni mbali kidogo, bodaboda inakusogeza, kipande cha mwisho ni mguu na kinapanda kweli, vaa raba zenye meno.

Sasa pale juu usiwe na haraka. Mwanzoni utaona jiwe lenye madoa tu na utahisi umepigwa hela yako, tulia, macho yazoee kivuli, sogea pembeni uangalie kwa ubavu, ndo wanaanza kutokea watu warefu wembamba kama fito, vichwa vina nywele tele, mara tembo, mara twiga. Nyekundu ni za wawindaji, wataalamu wengi wanazihusisha na mababu wa Wasandawe, kabila la huku huku Dodoma, zile nyeupe nene nene ni za baadae, za wakulima. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku 1951 akizinakili, na UNESCO wakaziingiza kwenye urithi wa dunia 2006.

Kuna wanaomwagia jiwe maji ili rangi ikolee kwenye picha, aisee usithubutu, mchoro unakufa taratibu hivyo hivyo. Na ukikuta mabaki ya pombe ya tambiko usiguse wala usicheke, Warangi, wenyeji wa Kondoa, bado wanafanya matambiko pale.

Usafiri wa kurudi uulizie kabla hujapanda, ukichelewa utalala Kondoa mjini, gesti zipo.