Kufunga injini ya mtumba kwenye Canter
Kabla ya kulipia 4D33 (injini ya dizeli ya Canter) ya mtumba, zungusha krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, usiinunue. Chungulia chini ya kifuniko cha oili: utando wa rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili.

Injini ikiwa bado chini, weka oil sili mpya ya nyuma ya krenki na klachi pleti. Sili ni bei ndogo, lakini ikivuja baadaye, gia boksi inashuka upya. Rejeta nayo izibuliwe kabisa, la sivyo, kama joto ndilo liliua injini ya kwanza, litaua na hii.

Ukishafunga, toa hewa kwenye dizeli kwa pampu ya mkono. Kata dizeli ili injini isiwake kwanza, piga stata sekunde 10 kwa vipindi hadi taa ya oili izime, ndipo uwashe. Namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi ya gari.