Nguvu ya bondi: jumlisha, usizidishe
Nimeling'amua hili la kukadiria nguvu ya bondi, yaani nishati ya kuvunja kiungo kati ya atomu mbili, nikimsaidia mdogo wangu wa kidato cha sita. Kati ya atomu mbili za kaboni, anza na kilojuli 347 kwa moli kwa bondi moja, kisha kila bondi ya ziada iongezee takriban 250. Unapata karibu 600 kwa bondi mbili na 850 kwa bondi tatu. Majedwali huonyesha 614 na 839. Ukizidisha 347 mara tatu unafika 1041, umepotea kabisa. Sababu ni kwamba bondi ya kwanza ni sigma, elektroni zake zimekaa katikati ya atomu mbili. Zinazofuata ni pai, zinazopishana ubavuni tu, kwa hiyo ni dhaifu zaidi. Hata hivyo nazo huzivuta atomu zikaribiane: pikomita 154, halafu 134, halafu 120.

Inapogoma ni kwenye naitrojeni. Bondi moja ni kama 160 tu, tatu ni 945! Jozi za elektroni zisizoshiriki kwenye bondi husukumana na kuidhoofisha ile moja. Na kwenye benzeni, ile pete ya kaboni sita, usitafute bondi moja wala mbili, maana bondi zote sita za kaboni zina urefu uleule, pikomita 139 hivi.